Mlango wa Mizigo

"Huyu si mzigo," alisema Kamba, mchukuzi mzee, kiganja chake kikiwa juu ya jeneza la mkewe.

"Mimi sijasema ni mzigo, mzee wangu," mkuu wa stesheni alijibu kwa sauti ya chini. "Kanuni ndiyo inayosema. Mwenye tiketi ni abiria. Asiye nayo ni mzigo."

"Basi mkatie tiketi."

"Akae wapi, dirishani?" alidakia Mrefu, mchukuzi mwenzake, kisha akaujutia mdomo wake. "Nisamehe, kaka. Ila shemeji mwenyewe angecheka."

Angecheka kweli. Lakini Kamba hakuwa akigombana na neno. Aligombana na mlango.

Stesheni ile ilijengwa na watu waliojua nani apite wapi. Mbele waliweka tao la mawe, pana kama mdomo wa kiboko, wapite mabwana. Babu yake Kamba aliyachonga mawe yale, na alipomaliza akaambiwa azungukie ubavuni. Huko ubavuni waliacha tundu la mizigo, fupi, lenye kona kali kwa ndani ili mwizi asitoke mbio. Mabwana walikwenda zao, milango ikabaki. Kamba alizeekea kwenye kona ile. Sanduku refu hupita pale kwa namna moja tu: unalisimamisha wima, unalizungusha, unalilaza upande wa pili.

"Nifungulie tao, baba. Apite amelala."

"Utepe umeshafungwa. Tumelikarabati, mgeni rasmi yuko njiani kuja kulizindua." Mkuu alitazama viatu vyake. "Nina watoto, Mzee Kamba. Nikiukata mimi, kesho sina kazi."

Treni ikapiga honi. Nyingine ni ya wiki ijayo, na maiti haina subira. Kwao mkewe kaburi lilikuwa wazi, ndugu wamelizunguka, wanangoja.

"Shika miguuni," Kamba akamwambia Mrefu.

Akaingia kinyumenyume, mgongo umepinda, kama alivyoingia maisha yake yote. Penye kona wakalisimamisha jeneza. Ndani kitu kikateleza, polepole, kikatua chini kwa uzito, kama mtu anayejikalia baada ya kazi. Mrefu akafumba macho. Kamba akabandika shavu kwenye ubao.

"Vumilia, mama watoto. Ni hapa tu."

Wakazunguka. Wakamlaza.

Kwenye behewa la mizigo, gadi alifungua kinywa aseme kwamba humu hawapandi watu. Akautazama uso wa Kamba, akakifunga. Akauvuta mlango pia. Behewa likashtuka, likaanza kwenda, na kwa mbali bendi ya mgeni rasmi ikawa inajaribu tarumbeta. Kamba alipiga magoti gizani kati ya magunia, akaupapasa ubao toka mwisho huu hadi mwisho ule, akitafuta kichwa cha mkewe kiko wapi sasa.