Sita na Saba Ukweni Rusinga

Mwaka wa 1995 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Migori, na nilijiona nina akili kupita mahitaji ya kazi. Mohamednur, rafiki yangu muuza vitambaa, alinihesabia kwa Kiarabu cha madrasa. Alipofika "sitta, sab'a" nilishtuka, maana Waingereza nao husema "six, seven". Jirani yake Shamima, aliyekulia akisema Kigujarati, akaniongezea "saat", yaani saba. Usingizi ukanipaa. Nikaamini Waarabu, Waingereza na Wahindi walizaliwa na babu mmoja, na kwamba mimi ndiye wa kwanza kuliona hilo.

Siku hizohizo nilikwenda Rusinga kumposa Cate. Baba yangu mdogo, Ryoba, ndiye angenisemea. Mimi nilitakiwa kusalimu, kunyamaza na kula.

Baba yake Cate, mzee Nicanor, alituuliza kwa upole tulichofuata. Ryoba alikuwa bado anasafisha koo nilipomtangulia. Nilitaka mzee ajue kwamba binti yake anachukuliwa na msomi. Nikaanza na Waarabu, nikapitia Uingereza, nikafika hadi Bombei, samaki wakipoa mezani. Kila nilipotamka "saba" niligonga meza kidogo.

Nicanor alinisikiliza hadi mwisho, kisha akataka kujua ndugu hao husemaje nne na tano. Nikamwambia Waarabu husema arba'a na khamsa. Na Waingereza? Nikataja "four" na "five" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Basi ni ndugu wa sita na saba tu," mzee akasema. "Kwenye nne na tano hawajuani."

Ryoba akafuta midomo. Nilidhani anakuja kuniokoa. Akaeleza kwamba kwetu Kuria sita ni isansaba. Hiyo saba imekaa mle ndani waziwazi, na bado ni sita, na mwalimu huyu alifundishwa hesabu hiyo na mama yake kabla hajajua kuvaa viatu. Sebule nzima ikacheka. Nami nikacheka, nikiwa nimechelewa kidogo.

Ndipo Cate akatoka jikoni na ugali.

"Baba, huyu alikuja kuniposa. Nilimwambia aseme hivyo tu."

Nicanor akanigeukia. "Ni kweli, mwalimu?"

"Ni kweli, mzee."

"Sasa mbona hukusema?"

Nikajisogezea sahani ya samaki waliopoa.

Tuliambiwa turudi baada ya mavuno, Ryoba azungumze, mimi nile. Nilikula vizuri sana, na mwaka uliofuata tukaoana. Baadaye Cate alinieleza kwamba kabla ya ziara ile ya kwanza alikuwa amewaahidi wazazi wake mchumba mtulivu, asiyependa maneno mengi.