Taa ya Chapuchapu

Kaka yangu tulimwita Chapuchapu, na hata Mama alilizoea jina hilo mpaka lile la kwenye cheti likasahaulika. Kila alichogusa kilifanya kazi, na hakuna alichogusa kilichokuwa na mpangilio. Nilipofungua kabati la chini ya televisheni, miezi minane baada ya kumzika, nilikuta kebo kumi na moja, zote nyeusi, hata moja haina lebo. Nikasonya. Mimi ni fundi wa mitandao, na kebo isiyo na lebo hunipandisha hasira kama mtu aliyenikanyaga makusudi. Kisha nikaona mwandiko wake kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa juu ya seva: "Usizime. Mama atapiga simu." Nikakaa sakafuni, nikalia.

Seva yenyewe ilikuwa kompyuta kuukuu aliyoiokoa kwenye stoo ya ofisi fulani. Ndiyo iliyogawa intaneti nyumba nzima, na ndiyo iliyolinda mlango wa VPN, ile njia ya siri inayomwezesha mtu aliye mbali kuingia kwenye mtandao wa nyumbani kana kwamba amekaa sebuleni. Kila simu hupewa ufunguo wake, mstari mrefu wa herufi, na seva humtambua mtu kwa ufunguo huo tu. Sasa feni ilikuwa imekwama na kabati zima lilinuka plastiki ya kuungua. Nilikuwa nimekuja na mashine mpya, ndogo kama kitabu, nihamishie kila kitu humo nirudi kwangu.

"Taa usiiguse," Mama akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, taulo la vyombo begani.

Kilikuwa kijitaa cha kijani juu ya kabati. Chapuchapu alikitengeneza alipoanza kazi za safari, kwa sababu Mama alikuwa hali wala halali asipojua mwanawe kafika wapi. Ufunguo wa kaka ukiingia, taa inawaka. "Ukiona kijani, ujue niko nyumbani," alikuwa akimwambia.

"Siigusi, Mama. Lakini unajua kwamba haitawaka tena."

"Inawaka kila siku. Saa kumi."

Nikamtazama.

"Usinitolee macho, binti yangu, sijarukwa na akili. Najua tulipomlaza. Nakwambia ninachokiona. Baba yako akitoka, kaka yako anaingia. Baba yako akirudi, kaka yako anaondoka. Hawajapatana mpaka leo."

Alisema hivyo kwa sauti ileile ya kusema chumvi imekwisha, kisha akarudi jikoni. Mimi nikabaki na bisibisi mkononi.

Ni kweli hawakupatana. Siku ya mwisho waligombana hapo sebuleni, na Baba, ambaye akikasirika hapimi maneno, alimwambia: "Ukitoka leo, usikanyage hapa nikiwa ndani." Siku ya nne gari lililompeleka kaka kazini likapinduka.

Saa kumi kasoro Baba alitoka chumbani akiwa na koti, akainama kufunga kamba za viatu. Kikohozi kikamshika hapohapo, kile kikavu cha kifuani, akaegemea ukuta mpaka kikaisha. Daktari alikuwa amemwonya: akinyeshewa tena, atalazwa.

"Baba, unakwenda wapi na mawingu hayo?"

"Nampisha," akasema bila kuinua kichwa. "Mtoto ana haki ya kuja kwa mama yake. Niliyemzuia ni mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Nazunguka mpaka kwenye kiwanda cha matofali, narudi. Nikikaa huko saa nzima, naye anapata saa nzima."

Akafungua mlango akaenda zake. Nilichungulia dirishani, nikaona mgongo wake ukipita ukuta wa jirani. Hata kona hajaifika, nyuma yangu kitu kikalia kidogo, *tik*. Nikageuka. Taa ilikuwa kijani.

Jikoni nilimsikia Mama akifunga bomba la maji, kisha kimya, kama mtu anayemsikiliza mgeni anavua viatu. Nikavuta kompyuta yangu, nikaingia kwenye seva, nikafungua orodha ya waliounganishwa. Jina la kaka lilikuwa juu kabisa. Mara ya mwisho kuonekana: sekunde sita zilizopita. Nikaufungua ukurasa upya. Sekunde mbili.

Nilikimbilia kabati la nguo la Mama. Simu ya Chapuchapu ilikuwa humo ndani ya bahasha, kama tulivyokabidhiwa: kioo kimesagika, tumbo limepasuka, betri haimo. Niliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi. Nikarudi sebuleni, na taa bado inawaka, na mimi niliyesomea mambo haya, ninayewacheka wateja wanaosema ruta zao zina mashetani, nikasema kwa sauti: "Kaka, ni wewe?" Niliogopa asijibu, na niliogopa ajibu.

Mvua ikaanza bila kupiga hodi. Nikampigia Baba arudi haraka, nikasimama mlangoni na mwavuli, jicho moja njiani, jingine kwenye taa. Alitokea akiwa ameloa chapachapa, anatembea polepole kwa makusudi. Alipoingia getini, taa ikazimika.

"Umeona?" Mama akasema nyuma yangu. "Ameondoka."

Nilimwona Baba akiutazama uso wa Mama, akakuta humo habari anayoikuta kila siku, kwamba kaja na mwanawe kakimbia. Mzee alikunja uso kama mtoto. Hapo ndipo akili yangu ya kazi ikaniamka. Hakuna mtu aliyeondoka. Kilichobadilika ni kwamba simu moja imeshika wifi ya nyumbani.

Mama alipokwenda kuleta nguo kavu, nikasema, "Baba, nipe simu yako."

VPN ilikuwa humo, imepangwa ijiwashe yenyewe kila simu inapopoteza wifi ya nyumbani. Nikaweka ule mstari wa herufi kando ya ule wa seva nikausoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Ulikuwa uleule. Kosa ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza hukemewa nalo, ufunguo mmoja kwenye simu mbili, na Chapuchapu alilifanya.

"Nani alikuwekea hii?"

Baba akafikiri. "Siku ile tulipogombana, aliichukua mezani, akabonyezabonyeza, akairudisha bila neno. Nilidhani amefuta namba yake. Sijathubutu kutazama mpaka leo."

Nikamwonyesha namba ya kaka, ipo. Kisha nikamweleza yote taratibu. Alikaa akishika tama, maji yakimdondoka kwenye mikono ya koti.

"Kwa hiyo siku zote hizi, aliyekuwa akiingia ni mimi."

"Ni simu yako, Baba. Ufunguo ni wake. Alikupa wake."

Kama ulikuwa uvivu wa kutengeneza mwingine, au alikuwa na maana yake, sijui, na aliyejua hayupo. Nilichojua ni kwamba mzee huyu alikuwa anajiua kwa kutembea.

"Mama yako nitamwambia mwenyewe," akasema. "Lakini kwanza nikae na mwanangu mara moja."

Kesho yake nikamaliza kazi. Kebo zote kumi na moja nikazibandika lebo. Nikatengeneza ufunguo mpya wa Baba, safi, kama inavyotakiwa, kisha nikashindwa kuuweka. Nikaufuta. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilinakili kosa kwenye mashine mpya huku nikiliona, jina la kaka na kila kitu.

Saa kumi Baba akanyoosha mkono kwenye viatu kwa mazoea.

"Kaa," nikamwambia. Nikazima wifi kwenye simu yake, nikamwekea kiganjani.

*Tik*.

Mama alitoka jikoni na sinia la chai, vikombe vitatu, cha kwake, cha Baba na changu. Akaiona taa. Akamwona Baba kwenye kiti chake, viatu havina mtu mlangoni. Akatazama taa tena, akatazama kiti tena.

"Wapo wote," Mama akasema taratibu.

Aliweka sinia mezani, akarudi jikoni, akaja na kikombe cha nne. Akakijaza, akakiweka mwisho wa benchi nililokalia. Na mimi, niliyeunakili ule ufunguo kwa mikono yangu mwenyewe, nikasogea nimpe nafasi.