Ini la Meja

Sikugundua kwamba Ndinda hakuwahi kulamba vidole. Kwa majuma kadhaa nilikaa naye jikoni kwa mama, kijijini Matinyani, tukitayarisha ini la ng'ombe, nikamwona akipangusa kisu kwa majani makavu, akisugua mikono kwa jivu, kisha akirudia kusugua, kabla ya kugusa chungu cha mahindi na maharagwe. Nilidhani ni kinyaa. Nilidhani mke wa kaka yangu Kiema, aliyekuwa kazini mbali, hapendi tu kupika chakula cha mbwa.

Ilikuwa mwaka wa 1979. Chuo kikuu nilikofundisha kilikuwa kimenipa likizo ndefu, nami nikarudi nyumbani kuandika. Nilikuta nyani wamelizoea shamba letu la mbaazi kuliko sisi wenyewe. Meja, mbwa wa baba, alikuwa na ujasiri usio na busara: aliwafuata hadi kwenye majabali, ambako nyani dume mmoja alikuwa amekwisha kumrarua sikio. Alihitaji kufundishwa kuwafukuza hadi ukingo wa shamba, kisha arudi aitwapo. Mbwa aliyekwisha kushikwa na hasira haachi vita kwa sababu anakupenda. Hurudi kwa sababu mfukoni mwako mna kitu kinachonukia vizuri kuliko adui.

Basi kila nilipokwenda sokoni Kitui nilinunua ini. Tulilichemsha kidogo bila chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kitunguu humdhuru mbwa. Ndinda alilikatakata na kuliponda kinuni. Mimi nililikanda pamoja na unga wa mawele na yai, nikalitandaza kama chapati nyembamba ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Lilipokauka tulilivunja vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, tukavitia katika kopo la majani ya chai. Harufu ilijaa jikoni. Ndinda alikuwa mjamzito, na mara kwa mara alitoka nje akasimama penye upepo. Hilo nalo nililihesabu kuwa kinyaa.

Baba yangu, Mzee Musembi, alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, isipokuwa alipopata wa kumtania.

"Chuo kikuu kimetuletea mwalimu wa mbwa," alisema siku ya kwanza aliponiona na kopo.

"Mwanafunzi wake anafaulu, baba."

"Ataachaje kufaulu? Anakula kama chifu."

Alitania, lakini hakukataa. Katika yote yaliyofuata, hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu zaidi. Hakukataa.

Asubuhi moja Meja aliwaacha nyani ukingoni akarudi mbio kwa mwito mmoja. Niligeuka nimwonyeshe Ndinda. Alikuwa ameanguka kando ya mtungi wake, maji yakimpita mgongoni.

Jirani alitupeleka zahanati kwa pikapu. Muuguzi, mwanamke wa Murang'a aitwaye Waringa, alivuta kope ya Ndinda chini, akanionyesha weupe wa ndani.

"Huyu nilimwambia kitambo," alisema. "Damu yake ni kidogo. Nilimwambia ale ini na mboga za majani. Kwenu hakuna ini?"

"Lipo."

"Sasa nani analikula?"

"Mbwa."

Waringa alicheka akidhani ni mzaha. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. "Akienda kujifungua na damu hii," alisema, "usinitafute mimi. Mtafute fundi wa majeneza."

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza Ndinda kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia nini, wifi? Ini la boma hili ni la wanaume. Niliambiwa siku nilipoolewa."

"Lakini nililinunua mimi."

"Ulilinunua likaingia boma la nani?"

Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo, na huko Nairobi nilikula ini asubuhi bila kulifikiria. Desturi ya nyumbani kwetu ilikuwa imenitoka kama ndoto.

"Ungemwambia baba," nilisema.

"Kwa mdomo upi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kati ya mke na baba mkwe kuna heshima ambayo sisi Wakamba huiita nthoni: huwezi kumtazama usoni, sembuse kumtajia njaa yako. Ndinda alijifunika khanga vizuri. "Ile harufu ndiyo ilikuwa ikinitesa," alisema. "Nilikuwa natoka nje nisije nikaiba."

Tulimkuta baba uani akishona mkanda wa jembe la kukokotwa. Mama, Syokau, alikuwa mlangoni mwa jiko, na Ndinda akaenda kusimama nyuma yake.

"Baba, Ndinda ataanza kula ini leo. Muuguzi ameagiza."

"Muuguzi si wa boma hili. Mama yenu amezaa saba bila ini."

"Na mkazika wangapi?"

Mama aliinamisha macho. Baba alivuta uzi. "Ini ni la wanaume."

"Na Meja?"

"Meja ni dume."

Hakusema kwa mzaha. Alisema kama mtu anayesoma aya. Nilikuwa nimefundisha vijana kwa miaka mingi kupima hoja, na hoja hiyo niliipima pale niliposimama. Jumapili iliyopita mtu huyu alisimama kanisani akaliombea tumbo la Ndinda. Akatoka hapo, akarudi nyumbani, akamtazama mbwa akila dawa ya tumbo lile lile, na moyo wake haukugutuka, kwa kuwa mbwa alikuwa na alichokikosa Ndinda. Nilitaka kusema mengi, na yote yangekuwa matusi.

Mama ndiye aliyesogea. Aliingia jikoni akatoka na kopo la Meja, akatwaa kipande, akakitia kinywani. Alitafuna kwa muda mrefu kwa meno machache aliyobaki nayo, mbele ya mumewe, mwanamke aliyepika ini tangu ujana wake.

"Halina chumvi," alisema. "Mbwa ameonewa."

"Syokau," baba aliita.

"Naam, baba Kiema. Nawe nikuletee kipande?"

Baba alimtazama kana kwamba mwingine ndiye aliyejibu. Mama akamjazia Ndinda kiganja. "Kula, mwanangu. Mimi nimekula na bado ni mimi."

Ndinda aligeuka akampa mkwe wake mgongo, kwa heshima, akala. Tulimsikia akitafuna. Baba aliokota mkanda wake akaondoka kuelekea zizini.

Ndinda alijifungua salama mtoto wa kike. Baba hakuomba msamaha, nami sijaacha kumkasirikia, hata sasa ambapo hayupo. Meja alimalizia mafunzo yake kwa ukoko wa ugali uliopakwa mafuta. Alirudi aitwapo, ila polepole zaidi. Na tangu mwaka ule, ini likipikwa nyumbani kwetu, hugawiwa kwanza jikoni.