Namba Kumi na Nane

Siku ya tatu tangu Zacheus Thuo afariki, jeneza lake lilikuwa bado juu ya benchi mbili nje ya kanisa la kambi ya majani chai. Mjane wake, Wacuka, alikuwa amemaliza kulia na sasa alikuwa amekasirika. Mvua ya Kericho haikosi alasiri. Ikinyesha kabla ya mazishi, kaburi litajaa maji, na mzee wa watu alale siku ya nne kwenye benchi.

Aliyezuia mazishi alikuwa marehemu mwenyewe.

Kwa miaka kumi na minne Thuo alikuwa askari wa mlango katika ofisi ya serikali, kazi yake kupanga watu waliokuja kuchukua kipande, yaani kitambulisho. Kila mtu alipewa kibati chenye namba. Namba iliitwa mara tatu. Asiyeitika alirudishwa nyuma, na kumwitikia mwenzako kulikatazwa kabisa. Alipostaafu walimpa koti na barua ya shukrani, wakasahau kumwambia aache. Akaanza kupanga watu bure: kisimani, kwenye kinu cha posho, mlangoni pa kanisa. Mpaka ubatizo ukawa na vibati. Mwishowe akajitolea kutunza makaburi. Yalichimbwa mapema, na mgonjwa aliyezidiwa aliletewa namba yake kitandani.

Ndivyo Nyanchoka, bibi kizee wa Kisii aliyechuma majani chai mpaka mgongo ukapinda, alivyopata namba kumi na saba mwezi wa tatu. Halafu, bila aibu, akapona. Mwezi wa tano Thuo aliposhikwa na kichomi alijipa kumi na nane. Neno lake la mwisho, Wacuka amemshika mkono, lilikuwa, "Msinipitishe mbele ya mwenzangu." Wacuka alikuwa ametarajia kusikia jina lake.

"Mwalimu, nizikie bwana yangu," alimwambia Kepher, mhubiri wa kambi.

"Mama, nitamzika namna gani? Watu wamekataa."

Kweli walikuwa wamekataa. Waliokuja kumkumbuka marehemu walisimama mmoja mmoja, kwa namba, na kila mmoja alikumbuka siku aliyorudishwa nyuma. Mwingine alirudishwa akiwa na mtoto anayeharisha mgongoni. Mwingine, Dorcus, alirudishwa siku ya harusi yake mwenyewe kwa kuchelewa, akaolewa wa tatu siku hiyo. Walisimulia haya kwa machozi na kwa fahari, na hakuna aliyekubali mtu kama huyo aje kuruka laini akiwa amekufa.

Wacuka akamwendea Nyanchoka, aliyekaa kwenye nyasi amekumbatia kibati chake.

"Nyanya, nakuomba. Mpe nafasi yako."

"Siwezi, mwanangu. Siku moja pale kwa posho bibi ya nyapara alinisukuma. Bwana yako akamwambia, 'Rudi nyuma, huyu mama yuko mbele yako.' Miaka yangu yote, hakuna mtu alikuwa amesema mimi niko mbele ya mtu. Nikitoka kwa laini leo, nitakuwa nimemtukana."

Wacuka akatazama juu. Upande wa Sosiot mawingu yalikuwa yameanza kunguruma.

"Basi tangulia," alisema.

"Niende wapi?"

"Kaburini."

Nyanchoka akafikiri. "Hiyo ni haki," akasema, akanyoosha mkono ainuliwe.

Wanaume walileta ngazi ya kanisa. Bibi akashuka ndani ya kaburi namba kumi na saba, akajinyoosha, akalalamika kwamba upande wa miguu ni mfupi. Kepher akasoma sala fupi na kutupa udongo kidogo, macho ameyapeleka kwingine. Nyanchoka akaitikia amina kwa sauti kubwa, akapanda juu akitema mchanga.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Ita anayefuata."

Hakuna aliyeita. Kazi hiyo siku zote ilikuwa ya mtu mmoja. Matone ya kwanza yakaanguka juu ya jeneza, na watu wote wakamgeukia Wacuka.

"Kumi na nane!" akaita.

Ndipo alipoikumbuka sheria ya mara tatu, na kwa jinsi watu walivyotazamana alijua nao wameikumbuka.

"Kumi na nane!" Miaka ishirini na minane alimsikia mtu huyu akiwaita wengine. Alimpenda, na sasa alikuwa karibu kumrudisha nyuma kwa mdomo wake mwenyewe. Akafumba macho.

"Kumi na nane!"

"Niko!"

Alikuwa Nyanchoka. Bibi alisimama kando ya kaburi lake, matope mpaka kwenye nywele, akiwatazama watu mmoja mmoja, akingoja mwenye la kusema aseme. Wanaume wakainua jeneza.