Shali ya Ubatizo wa Tekla

Kama kuna mtu Ifakara nzima aliyejua kumjulia hali mgonjwa bila kumkaribia, basi ni Balbina. Akifika kwa wifi yake Agnella alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje, kama kuku anayeogopa kufungiwa. Pembe ya kanga ameishindilia puani. Kisha alipaza sauti utadhani mgonjwa yuko ng'ambo ya mto.

"Wifi! Umeamkaje?"

"Salama, wifi. Karibu ndani."

"Hapa hapa panatosha. Kifua je?"

"Kinaendelea vizuri."

"Mh," alijibu Balbina, na hiyo "mh" yake ilikuwa imeshamzika mtu, imemwombea na kugawana vyombo vyake.

Agnella alirudisha macho kwenye kroshia. Alishazoea. Tangu aambiwe ana kifua kikuu, mwanzoni mwa masika, nguvu zilimtoka zote. Jembe hakuligusa tena, na mpunga wake ulipaliliwa na watu wengine, vibaya. Hata ndoo ya maji ilimshinda. Kilichobaki kizima ni vidole. Basi akavitumia. Alifuma vitambaa vya kufunika makochi ya watu, akafuma mitandio ya matundu matundu, na ukiingia kwake saa yoyote ya mchana utamkuta ameegemea ukuta, uzi umepita juu ya kidole, sindano ya kroshia inachokoa na kuvuta, inachokoa na kuvuta.

"Na hilo nalo ni nini?" Balbina aliuliza kutoka mlangoni.

"Shali."

"Shali! Na joto hili la Ifakara! Tena yenye matundu. Inazuia nini sasa, baridi au mbu? Mtu mgonjwa badala ya kusali anafuma matundu."

Agnella alivuta uzi. Angemwambia kwamba shali ile nyeupe, yenye maua ya mananasi kuanzia pindo hadi pindo, ilikuwa ya ubatizo wa Tekla. Lakini kumtajia Balbina jina la Tekla ni kumpa kisu ashike mpini.

Maana Tekla hakuwepo. Hilo ndilo lililomuuma Agnella kuliko kifua chenyewe. Siku ile ugonjwa ulipojulikana, Balbina alikuja na bodaboda, akambeba mtoto ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa, akampeleka kijijini Mofu kwa bibi yake mzaa baba, mama Yosefina. Agnella hakubisha. Aliogopa kumwambukiza mwanawe. Akamfunga nepi mwenyewe, akageuzia uso ukutani. Lakini sasa dawa zilikuwa zimefanya kazi. Makohozi yalipimwa tena yakawa safi, mtoto naye alipimwa huko aliko akaonekana mzima, na muuguzi alimwambia waziwazi, "Mchukue mwanao ukae naye."

Akampigia simu mumewe Lukelo, aliyekuwa kazini kwenye mashamba ya miwa.

"Ni habari njema, mama Tekla," Lukelo alisema. "Ngoja nimuulize dada."

Dada! Mwanamume anayeangusha miwa tangu alfajiri hadi jua la utosi, na neno moja mbele ya Balbina halimtoki. Na dada alipoulizwa alisema muuguzi ni mtoto mdogo, kajua nini, kifua ni kifua, Tekla atarudi mama yake akipona "kabisa kabisa." Hiyo kabisa kabisa ipimwe na nani, na kwa mashine gani, hakusema.

"Wewe nenda Mofu ukamchukue," alimshauri Rabia, jirani yake. Rabia alikuwa mtu pekee aliyeingia chumbani, akaketi kitandani na kunywa chai kwenye kikombe cha mgonjwa bila hata kukisuuza.

"Niende nimpore mama mkwe mtoto mgongoni? Nitaonekana nina wazimu juu ya TB."

"Basi fuma, shoga yangu. Fuma. Labda wataona aibu."

"Wale? Aibu yenyewe ikiwaona inavuka barabara."

Wakacheka mpaka Agnella akakohoa, na kwa kuwa alikohoa, dirisha la nyumba ya tatu likafungwa pa!

Shali ilikamilika siku ya Alhamisi. Agnella aliifua, akaichovya kwenye maji mepesi ya wanga ili mananasi yasilegee, akaianika ikakauka. Hakuwa na meza ya kuitandazia. Akajilaza chali kitandani, akaitandaza juu yake kutoka kifuani hadi nyayoni, akakunja mikono juu ya ua la katikati aone kama pande zote mbili zimelingana. Zililingana. Akafumba macho kidogo kwa raha ya kumaliza kazi, na katika kufumba huko akamwona Tekla ndani ya shali ile mbele ya padri, akipiga chafya kwa ajili ya maji ya baraka.

Ndipo Balbina akafika mlangoni.

Sasa inafaa kujua kwamba mtaani kwao jeneza halitoki nyumbani bila kufunikwa. Hufunikwa kitambaa cheupe cha kroshia, kirefu, na bibi kizee mmoja wa karibu na kisima alijifumia cha kwake miaka miwili kabla hajafa, kikasifiwa msibani kuliko hata marehemu. Balbina alikijua vizuri. Alikuwa amekishika pembe moja. Na kutoka kizingitini, kanga puani, jua limembana macho, aliona alichokiona: kitambaa cheupe, mtu chini yake, mikono imekunjwa, macho yamefumbwa.

Angepiga hatua tatu tu angeona kwamba mfu anatabasamu. Lakini hatua tatu za kuingia kwa mgonjwa, kwa Balbina, ni mbali kuliko Uchindile.

"Wifi?" aliita kwa sauti ndogo, kwa mara ya kwanza.

Agnella alifumbua macho. "Karibu, wifi. Napima."

Balbina hakukaribia wala hakuuliza anapima nini. Mtu haulizwi mambo kama hayo. Aliondoka mbio, na kabla Agnella hajakaa vizuri, simu ilikuwa imeshalia Mofu.

Asubuhi yake Agnella alikuwa uani anapeta mchele, kiti chake kivulini, redio ya Rabia inaimba ukutani. Gari aina ya Noah likasimama. Wakashuka wanawake, Balbina mbele, wote wamejifunga kanga mbili mbili. Wakashusha mikeka, sufuria kubwa ya shughuli, maharage, fungu la samaki wakavu aina ya kitoga; mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa alikuwa na kitabu cha nyimbo mkononi, kidole kimewekwa tayari kwenye ukurasa wa mazishi. Nyuma yao mama Yosefina, amevimba macho kwa kulia njia nzima. Mgongoni kwake alikuwapo Tekla.

Agnella aliacha ungo.

"Shikamoo, mama."

Mama Yosefina alimtazama. Akatazama ungo, akatazama mchele. "Marahaba," alisema taratibu. "Wewe… unapeta?"

"Napeta, mama. Una chuya sana huu."

"Tumeambiwa umeshindwa hata kusema. Kwamba umejifumia kitambaa, umejilaza chini yake, unapima."

Rabia aliyekuwa amechungulia ukutani alishika mdomo, lakini kicheko kilishapenya. "Maskini mchele! Unapetwa na marehemu!"

"Nani alikuambia hivyo, mama?" Agnella aliuliza, ingawa hakuhitaji kuuliza. Alikuwa akimtazama Balbina, aliyekuwa ghafla na shughuli nyingi za kupanga mikeka.

"Balbina," mama Yosefina aliita. "Ulisema umeona kwa macho yako."

"Niliona, mama! Kitambaa cheupe, hivi, mpaka miguuni…"

"Uliona ukiwa umesimama wapi?"

Balbina aliangalia sufuria kana kwamba jibu limo humo. "Mlangoni."

"Mlangoni," mama Yosefina alirudia. Wale wanawake wa jumuiya, waliokuwa wameacha vibarua vyao na watoto wao, walimgeukia Balbina mmoja mmoja. Mwenyekiti akatoa kidole kwenye ukurasa.

"Basi tumshukuru Mungu," Balbina alisema haraka. "Kumbe mzima. Mama, tusikawie, mtoto asikae kwenye hewa hii, gari linasubiri."

Agnella alisogea. Mtoto alikuwa hatua mbili kutoka kwake, amegeuza kichwa upande mwingine, sikio moja dogo limejikunja kwenye kanga ya bibi. Alijua kwamba gari likiondoka na sikio lile, atangoja tena "kabisa kabisa" nyingine.

"Mama," alisema, "mmemleta Tekla kwa nini?"

"Tumemleta akuage, mwanangu."

"Na mtoto akija kumuaga mama yake, mila inasemaje? Anaonyeshwa kwa mbali?"

Mama Yosefina alishika fundo la kanga kifuani. Hakuwa mtu wa kuruka mila. Alimzika mumewe na wakwe zake kwa utaratibu wote. "Anawekwa mkononi," alisema.

"Mama!" Balbina alipiga kelele.

"Nyamaza. Wewe umeshasema ya mwaka mzima." Akafungua fundo la kanga, akamzungusha mtoto, akamweka mikononi mwa Agnella.

Tekla alimtazama mama yake kwa jicho la mtu asiyependa wageni. Akakunja mdomo, akalia. Agnella hakumbembeleza kwa maneno. Aliingia naye ndani, akachukua shali, akamzungushia, akambana kifuani. Kilio kikashuka, kikawa kwikwi, kikawa kunusa. Mama Yosefina alimfuata mpaka chumbani. Akaketi kitandani, pale pale Rabia anapoketi, akashika pindo la shali.

"Mananasi haya umeyafuma wewe?"

"Ni ya ubatizo, mama. Muuguzi alisema nimchukue nikae naye. Nilimwambia Lukelo, Lukelo akamwambia dada."

"Mimi sikuambiwa." Alipapasa shali kwa muda. Kisha akapaza sauti kuelekea nje. "Mwambieni dereva ashushe na mfuko wa nguo za mtoto! Na hayo maharage yabandikeni, watu wana njaa."

Uani pakachangamka. Sufuria iliyokuja kwa ajili ya msiba ikatelekwa mafigani, na mwenyekiti, ambaye hakupenda kuja bure, akaanzisha wimbo wa Pasaka.

Balbina alibaki kizingitini, mguu ndani mguu nje, kanga puani.

"Shali yenyewe matundu matupu," alinung'unika.

Vidole vya Tekla vilikuwa vimeshapenya katika matundu hayo, vitano vyote, na vimekamata blauzi ya mama yake kwa nguvu.

"Karibu ndani, wifi," Agnella alisema. "Ukiwa hapo huoni vizuri."