Siku Tuliyolilalia Turubai

Mzee Odell Prewitt alifika uwanjani asubuhi akiwa amevaa suti, na sisi sote tukasimamisha reki zetu tukabaki kumtazama. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona ndani ya suti. Hata siku ya kumzika mkewe, Bernadine, alivaa koti lake la kazi, lile la kahawia, kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa ameagiza mumewe asijifanye mtu mwingine kaburini. Leo suti ya buluu, tai nyekundu, viatu vinang'aa.

"Mnashangaa nini?" akatuuliza. "Hamjawahi kuona bwana harusi?"

"Bibi harusi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Si huyu hapa," akasema, akanyoosha kidole kwenye nyasi.

Mimi naitwa Renata Szymczak, na ndimi ninayeutunza uwanja wa besiboli wa Marlow Bend. Kabla yangu aliutunza yeye, na kabla yake hapakuwa na uwanja wa maana. Lilikuwa shimo lililochimbwa udongo wa kiwanda cha matofali, kiwanda kilipofungwa likabaki hivyo. Mvua ikinyesha Jumatatu, Ijumaa bado vyura wanalia kwenye kituo cha pili. Odell ndiye aliyekusanya watu wakachimba mifereji chini kwa chini, akaleta udongo mwekundu kutoka kwenye miinuko ya ng'ambo ya mto, akapanda nyasi, zikafa, akapanda tena. Kazi yangu yote nimejifunza kwake. Alistaafu akanikabidhi funguo, lakini hadi leo hunipigia simu kila asubuhi kuuliza nyasi zimelalaje, utadhani anaulizia wajukuu.

Jumapili ile ya Septemba mji wetu ulikuwa na mambo mawili, na kila moja peke yake lilitosha kumnyima mtu usingizi. La kwanza, timu yetu, Korongo, ilikuwa inacheza fainali ya ligi dhidi ya Castle Fork. Sisi ni ligi ndogo, vijana wetu wanalala kwenye vyumba vya wageni vya majirani na kusafiri kwa basi lenye harufu ya soksi, lakini kombe ni kombe, na sisi hatukuwa tumelishika tangu kabla sijazaliwa. La pili, kabla ya mechi yangefunuliwa majina mawili kwenye ukuta wa lango kuu, majina ya waliouumba uwanja huu. La kwanza Odell. La pili Ardis Halvorsen.

Bibi Ardis alipiga kinanda uwanjani kwetu tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka magoti yalipomkataza ngazi za chumba cha juu kilipo kinanda. Zamani watu hawakuja kutazama mpira, maana timu ilikuwa mbovu. Walikuja kumsikiliza Ardis akimtania mwamuzi kwa kinanda. Ndiye aliyejaza viti. Odell alipokuwa akitoka kusawazisha udongo katikati ya mechi, Ardis alimpigia muziki wa maziko, polepole, hatua kwa hatua, na uwanja mzima ukawa unacheka. Odell alikuwa akivua kofia kama mfiwa. Siku hizi tunapiga muziki wa mashine.

Siku hiyo Ardis alikuja na kofia yenye manyoya ya ndege, ameshikwa mkono na mpwa wake.

"Odell! Hilo pazia umemnyang'anya nani?"

"Wewe ungenyamaza, Ardis. Huyo ndege kichwani amekufa lini?"

"Amekufa alipokuona."

Basi wakakaa pamoja kwenye viti vya heshima, wanachokozana, wanafurahi kama watoto. Viti vilijaa mpaka juu. Harufu ya soseji na haradali imetanda, watoto wamejichora korongo mashavuni.

Meya wetu, Guthrie Van Horn, akashika kipaza sauti na rundo la karatasi. Hotuba yake ilikuwa bado iko enzi za babu zetu wakivuka mto nilipomwona Odell anaitazama bendera badala ya kumtazama yeye. Akanipungia nisogee.

"Renata. Bendera."

"Nimeona, Mzee. Simu inasema mvua ni baada ya dakika kumi."

"Pua yangu inasema tano."

"Pua yako jana ilisema theluji."

"Lakini ilisema kitu!"

Sikungoja kubishana. Ng'ambo ya mto wingu lilikuwa limekuwa jeusi kama sufuria. Na sheria ya ligi tuliijua sote: ile ilikuwa siku ya mwisho. Mechi isipochezwa, kombe linakwenda kwa aliyeshinda mechi nyingi msimuni, yaani Castle Fork. Nikapiga filimbi. Meya akakatwa katikati ya sentensi, watu wangu wakakimbilia turubai, na wachezaji wa Korongo wakatoka kutusaidia.

Kwa asiyejua, turubai la uwanja wa besiboli si la kufunikia gari. Linafunika kiwanja chote cha ndani, udongo na kilima cha mrushaji, na linavutwa kwa kukimbia, watu wamejipanga ukingoni, kila mmoja ameshika sehemu yake kwa mikono miwili. Tulikimbia vizuri. Tulilifikisha mwisho. Tukawa ndio kwanza tunashusha mifuko ya mchanga ya kulikandamiza, ndipo upepo ukafika, na mvua nyuma yake.

Upepo ukaingilia upande wa kituo cha tatu. Turubai likavimba tumbo, likainuka. Mdakaji wetu, Teófilo Barrera, kijana mwenye mwili wa jokofu, alikuwa ameshika ukingo. Nikaona viatu vyake vinaachana na ardhi.

"Achia!" nikapiga kelele. "Teo, achia!"

Akaachia, akaanguka chali. Turubai likapiga kofi hewani. Nikajua sekunde chache zijazo litang'oka lote liende kulala kule mwisho kwenye uzio, udongo wetu utakuwa uji, na fainali imekwisha.

Hapo kitu cha buluu kikanipita.

Mzee wa miaka karibu themanini, nyonga yake moja ni ya chuma, anakimbia kwa kuyumba mvuani na tai imemrukia begani. Alipofika kwenye lile tumbo la turubai hakusimama. Alijitupa juu yake kifudifudi, mikono ameitandaza, suti na yote.

"Mzee, toka hapo! Utavunjika!"

"Lala chini, Renata!"

"Nini?"

"Una kilo ngapi? Zilete hapa! Lala!"

Nikalala. Sikuwa na wazo jingine. Teo akalala, wachezaji wakalala, watu wangu wakalala. Chini yetu turubai lilikuwa linapanda na kushuka kama godoro lenye mnyama ndani. Hatukutosha. Niliona pembe ya mbali inaanza kupigapiga tena. Radi haikuwepo, namshukuru Mungu. Ingekuwepo ningewafukuza wote, pamoja na Odell, hata kwa kumburuta. Lakini ulikuwa upepo na maji tu.

Kule kwenye viti watu walikuwa wamesimama, hawajui wakimbilie nje au wafanye nini. Ardis naye alikuwa amesimama. Baadaye mpwa wake aliniambia alivyowageukia wanaume wawili waliokuwa nyuma yake, mafundi wa paa, akawaambia, "Nyie mnakula soseji tu au mnaweza kubeba?" Wakambeba na kiti chake, wakapanda naye zile ngazi.

Kilichofuata tulikisikia tukiwa tumelala. Kinanda. Kwanza sauti moja ndefu, ya kukohoa vumbi, kisha ule wimbo wake wa mbio wa zamani, ule aliokuwa akiupiga kuwaamsha watu timu ikiwa imezidiwa. Wazee wa mji huu wakiusikia ule, miguu yao inaondoka kabla hawajaamua. Nikageuza shingo. Watu walikuwa wanaruka uzio!

Alikuja muuza nyama. Akaja daktari wa meno na wanawe. Akaja mwalimu wangu wa hesabu, mama mzito anayeheshimika, akajilaza kando yangu na kusema, "Szymczak, haya nisiyasikie shuleni." Akaja Meya, karatasi zake zimegeuka ugali mkononi. Walikuja mamia, wanapiga mayowe, wanateleza, wanalala kwa mistari kama samaki sokoni, na kila mstari ulipolala turubai lilitulia kidogo.

Ila pembe ya mbali ilikuwa bado. Na pembe ile ilikuwa mbele ya kibanda cha Castle Fork.

Wao walikuwa wamekaa kwenye benchi, wakavu. Kocha wao, Burl Hennessey, anatafuna mbegu za alizeti.

"Tulieni," aliwaambia, kama tulivyokuja kusimuliwa. "Mvua hii ni mwenzetu. Kombe letu hilo."

Akainuka mrushaji wao, kijana mrefu anayeitwa Kip Lindgren. "Kocha, mimi sikuja kupewa kombe na mvua." Akatoka, akalala kwenye ile pembe. Halafu wakatoka wote, wakitukanana kwa furaha, wakirushiana maji. Hennessey akabaki na mbegu zake. Akatazama juu, akatema, akaja naye, akashuka kwa magoti kando ya Odell.

"Prewitt, nikifa hapa nakushtaki."

"Lala, wewe. Kumbe una uzito, kwa nini ulikuwa unaubania?"

Tukalala pale, maji yanatupiga mgongoni, kinanda kinapiga, na sijui nani alianza, tukawa tunacheka. Uwanja mzima. Nimecheka mara nyingi maishani lakini si namna ile, shavu kwenye turubai, mwalimu wa hesabu ananicheka, mimi namcheka yeye.

Upepo ukakatika. Mvua ikapungua, ikaisha, jua likatoka kwa upande. Hakuna aliyetaka kuinuka. Meya, nywele zimemgandia usoni, akaomba kipaza sauti. Hotuba hakuwa nayo tena.

"Jamani," akasema, "Odell Prewitt alitupa uwanja huu. Ardis Halvorsen alitupa sababu ya kuja. Basi. Vuteni kitambaa."

Kitambaa kikavutwa langoni, majina yakaonekana, na kelele iliyopigwa nadhani ilifika ng'ambo ya mto. Odell akapewa kipaza sauti. Alitutazama sote tulivyolala, akajipangusa macho kwa tai iliyolowa.

"Asanteni," akasema. "Asanteni sana. Sasa tokeni kwenye nyasi zangu."

Kutoka juu Ardis akamjibu kwa muziki wa maziko, na Odell, ambaye hakuwa na kofia, akajifanya anaivua.

Tulipolikunja turubai, udongo chini yake ulikuwa mkavu kama tulivyouacha. Mechi ikachezwa. Sitaisimulia yote, maana wengi waliokuwepo watakuwa wamekwisha kukusimulia, wanaume waliolowa wakizungusha magongo mbele ya watu waliolowa. Nitakwambia mwisho tu. Awamu ya tisa, ndiyo ya mwisho, tunaongoza kwa alama moja, Castle Fork wana mtu kituo cha tatu na wamebakiza nafasi moja ya mwisho. Mpigaji wao akaufyatua mpira chini, wa kasi, moja kwa moja kwenye ule upande ambao turubai lilikuwa limevimba. Pakiwa na tope kidogo tu pale, mpira unakwenda kombo, wanasawazisha. Nikafumba macho.

Nikasikia glavu. Paa! Nikafumbua, mlinzi wetu wa kituo cha tatu, Amadeo Quill, ameshaurusha kituo cha kwanza, na mwamuzi amenyanyua ngumi. Mpigaji yuko nje, kombe letu! Sikumbuki nilimkumbatia nani. Nakumbuka nilikuwa nakimbia.

Odell hakuona. Alikuwa kwenye kibanda cha vifaa, amevaa ovaroli yangu ya akiba iliyomfika miundini, suti imetundikwa kwenye trekta inachuruzika. Alisikia kelele tu. Nilipoingia nikihema, hakuuliza nani kashinda.

"Mpira wa mwisho ulipita wapi?"

"Upande wa tatu, Mzee. Chini."

"Ulidunda vipi?"

"Sawasawa."

Akakaa kwenye ndoo, akatikisa kichwa, akawa anatabasamu peke yake. Nje vijana walikuwa wanamwagiana bia, na kinanda bado kinapiga, maana hakuna aliyekuwa amefikiria jinsi ya kumshusha Ardis. Wale mafundi wa paa walikuwa wamepotelea kwenye sherehe. Odell akasikiliza kidogo, akainuka, akapitia kwa muuza soseji akachukua mbili, moja bila vitunguu kwa sababu Ardis havili, akaanza kupanda ngazi, taratibu, mkono mmoja kwenye chuma.

"Nikusaidie?" nikamuuliza.

"Wewe nenda kashangilie," akasema. "Leo siku yenu."