Baridi Iliyokaa Kando ya Kamera

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, jua likiwa utosini, Lorna alisimama katika uwanja wa nyumba ya Mzee Eliakim pale Kanduyi, Bungoma, akiwa ameshika mwavuli. Mwavuli uliifunika kamera. Yeye mwenyewe alikuwa juani, jasho likimtiririka hadi viatuni, na hakulalamika, kwa sababu kamera ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Ilikuwa mojawapo ya kamera hizi za kisasa, nyepesi, zisizo na kioo ndani, zinazopiga video safi hadi ukaona chunusi ya bwana harusi. Ubaya wake ulikuwa mmoja. Ikirekodi kwa muda mrefu kwenye joto, ilipandwa na homa. Kwanza ilionyesha kipimajoto kidogo chekundu kwenye skrini, halafu ikazima, na haikuwaka tena hadi ipoe, hata uibembeleze vipi. Lorna alikuwa amejaribu kuivuta skrini nje ili mgongo upumue. Alikuwa ameifungia feni ndogo kwa rababendi. Feni ilisikika kwenye video ya harusi nzima, na maharusi wakauliza ni nyuki gani wale.

Siku hiyo Eliakim alikuwa akimwoza binti yake mkubwa. Mama yake Eliakim, ambaye kila mtu alimwita Kukhu, yaani nyanya, hakuwa amecheza ngoma tangu mumewe azikwe. Muziki ulipokolea, Kukhu aliinuka, akaegemeza mkongojo wake kwenye meza ya keki, akacheza kwa mabega jinsi wanavyocheza Wabukusu. Vigelegele vikapasuka. Kamera ilikuwa imezima. Ilipokubali kuwaka, Kukhu alikuwa ameshaketi anakunywa soda.

"Yaani hiyo kitu yako irirara wakati mama yangu anacheza?" Eliakim aliuliza, ulimi wake ukigeuza kulala kuwa kurara.

"Ilishika joto, mzee."

"Sisi sote tulishika joto, na hatukurara."

Machozi yalimjaa Lorna, akajifanya anafuta lenzi.

"Msimpigie huyo msichana kelele," Kukhu alisema kutoka kitini. "Nimebakisha densi moja. Nitaicheza kwa harusi ya Vivian."

Alisema hivyo jinsi mtu anavyosema amebakisha sukari kidogo kwenye kopo, na hakuna aliyemuuliza amejuaje. Vivian, binti wa pili, alikuwa aolewe mwishoni mwa Februari. Eliakim alimwambia Lorna aje siku hiyo na kamera iliyo macho, au asije kabisa.

Lorna alikaa Kibomet, upande wa Kitale, kwenye ploti yenye vyumba vinavyotazamana na kuku wengi kuliko wapangaji. Januari alihamia hapo mwanamke wa makamo aitwaye Chepkosgei. Alikuja na sufuria, blanketi mbili na baridi.

Baridi hakuwa ameibeba. Ilimfuata yenyewe kutoka juu, mlima Elgon, siku ile nyumba yake ilipochomwa na boma lake kuzungushiwa seng'enge na kampuni iliyokuwa na bango kubwa lakini haikuwa na mtu wa kuulizwa. Majirani zake walitoroka na mbuzi. Yeye hakuwa na mbuzi. Alipofika barabarani alisikia kitu kinampuliza visigino, akageuka, akatambua ni baridi ya kwake, akaingoja.

Hapo plotini ilipokelewa vizuri. Zaitun, anayeuza juisi karibu na msikiti, aliomba aweke ndoo zake mlangoni pa Chepkosgei kila asubuhi. Thuo, mwenye ploti, alikuja kukagua, akasimama kizingitini, akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja, akasema mgeni asiyepika ndani hana shida naye. Kisha akaenda zake.

Lorna aliitambua kupitia kwa kuku. Mchana mmoja alitega kamera uani kuona itavumilia kiasi gani. Aliwalenga kuku wa Thuo, akangoja kipimajoto chekundu. Chepkosgei akatoka na kiti chake cha plastiki, akaketi karibu, akaanza kufuma sweta. Kamera ikarekodi kuku wakila, kuku wakigombana, kuku wakilala, mpaka kadi ikajaa. Lorna aliigusa mgongoni. Ilikuwa baridi mithili ya pua ya ndama.

"Mama, hii baridi ni yako?"

"Si yangu. Ni ya nyumbani. Tunaishi tu pamoja."

"Inaweza kwenda harusi?"

Chepkosgei alitazama miguuni pake kwa muda. "Inapenda watu," alisema. "Lakini na mimi nitakuomba kitu. Siku moja unipeleke juu, unipigie kwangu video. Nina wajukuu Nairobi. Nikiwaambia vile palikuwa, wanafikiri natunga."

"Hata wiki ijayo," Lorna alisema. Alikuwa tayari kuahidi mlima wenyewe.

Hivyo wakaanza kazi. Popote Lorna alipotega kamera, Chepkosgei aliketi kando yake na sindano zake za kufuma, na baridi ikajilaza kati ya miguu yake na miguu mitatu ya stendi. Watu walizoea upesi. Kule Moi's Bridge wapishi walitelezesha kreti za soda chini ya kiti chake bila hata kumsalimu, kisha wakarudi kumsalimu. Bwana harusi mmoja aliyevaa suti ya vipande vitatu alisogea sogea upande wao hadi bibi harusi akamwita kwa jina la ukoo. Mchungaji mmoja wa Kitale aliona watu wa kiti cha mbele wanatetemeka, akadhani mahubiri yamewaingia, akaongeza mahubiri. Kamera ilirekodi yote, ikabaki macho kuliko waumini.

Baridi ilipenda kwaya. Waimbaji wakianza, ilinyanyuka ikaenda kujipenyeza katikati yao. Sauti ya kwanza walivaa sweta, sauti ya nne walisugua viganja, na kwenye skrini ya Lorna kipimajoto chekundu kikachungulia. Chepkosgei alipiga ulimi mara moja tu, ikarudi.

Lorna alikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza kazini aliweza kumtazama bibi harusi bila kuitazama skrini, na aligundua kwamba mabibi harusi wengi hucheka kichinichini wakati wa sala. Simu zilimiminika. Alianza kutembea huku anaimba, vibaya, na kuku wa Thuo wakampisha.

Ile safari ya juu ilikuwa bado. Wiki hii kulikuwa na kazi, wiki ile gari limekosekana, wiki nyingine Lorna alikuwa na mafua, jambo ambalo angalau lilikuwa kweli. Ukweli mwingine ni kwamba aliogopa. Kitu ukikifikisha kwao, kina sababu gani ya kurudi Kibomet? Chepkosgei hakumkumbusha, na hilo ndilo lililomkosesha Lorna raha.

Wiki ya harusi ya Vivian ilipofika, baridi ilikuwa imekonda. Juisi ya Zaitun iliamka vuguvugu. Baridi iliyokuwa ikijaa mlango mzima sasa ilijikunja ikatosha chini ya stuli.

"Inaugua?" Lorna aliuliza Alhamisi.

"Inatamani kwao."

"Itafika Jumamosi?"

"Itafika Jumamosi," Chepkosgei alisema bila kuacha kufuma. "Jumapili siwezi kuapa."

Lorna aliingia chumbani kwake akakaa kitandani. Alimfikiria Kukhu na densi yake ya mwisho. Alifikiria jinsi Bungoma nzima ingemsema, kamera ikizima tena. Halafu akaifikiria ile baridi iliyokaa miguuni pake harusi baada ya harusi, ikinyamaza, ikikonda, na yeye akitafuta visingizio. Aibu ilimshika hadi masikioni. Alitoka akamgongea Chepkosgei.

"Kesho tunaenda, mama."

"Na Jumamosi?"

"Kesho tunaenda."

Ijumaa asubuhi walipakia kamera na kiti cha plastiki kwenye gari la kuazima, Probox, baridi ikaingia kwenye buti la nyuma. Kadiri walivyopanda mlima ndivyo joto lilivyozidi. Walipofika langoni, mlinzi aitwaye Noah alikuwa ameketi na vesti, miguu ndani ya beseni la maji. Nyuma ya seng'enge, miche ya kampuni ilikuwa imenyauka kwa mistari iliyonyooka.

"Tangu watu waondoke hapa hakuna baridi," Noah aliwaeleza. "Kila mtu alienda na yake. Mimi nilitoka Webuye na koti mbili, ati nakuja mlimani. Ziko tu hapo msumarini."

"Nataka kuingia nione pale kwangu," Chepkosgei alisema.

"Mama, uko na barua?"

"Barua ya nini?"

"Ya kuonyesha ulikuwa unakaa hapa."

"Ilikuwa ndani ya nyumba. Mlichoma nyumba."

Noah alitazama beseni lake. "Si mimi, mama. Mimi niliandikwa kazi baadaye. Lakini kufungua siwezi."

Wakati wanabishana, baridi iliteremka kutoka kwenye buti, ikapita kati yao, ikajipenyeza chini ya seng'enge. Noah alitoa miguu majini, akaenda msumarini, akavaa koti moja.

"Hiyo haijakatazwa," alisema.

Lorna alitega kamera haraka, akavuta picha kupitia matundu ya seng'enge. Mbali kidogo alionekana mwerezi mmoja, na chini yake mafiga matatu meusi. Nyasi zililala zikielekea huko, halafu karibu na mafiga zikageuka nyeupe, duara kubwa la umande ulioganda, kana kwamba kuna mnyama anagaagaa. Chepkosgei alicheka kwa sauti. Lorna hakuwa amemsikia akicheka hivyo.

Kisha kipimajoto chekundu kikatokea, na kamera ikazima. Baridi ilikuwa imefika kwao, na pale langoni lilibaki joto tupu. Lorna aliiacha kamera ilivyo. Chepkosgei alishika seng'enge akaanza kumwonyesha kwa kidole: pale ng'ombe walilala, pale binti yangu alizaliwa, pale nilikuwa na mboga ya majani yanayowasha, makali lakini matamu. Kwa kuwa hakukuwa na cha kurekodia, Lorna alisikiliza.

Jua lilielekea upande wa Uganda. Nyasi zilikuwa kimya.

"Isipokuja," Chepkosgei alisema, "usinikasirikie."

"Ikikaa, ni kwao," Lorna alijibu. Alikuwa anamaanisha, na bado alilia kidogo, kwa sababu alimpenda Kukhu na aliipenda kazi yake. Alikunja stendi. Akafungua mlango wa gari.

Noah akafunga vifungo vya koti hadi shingoni. "Inakuja, bana," alisema. Aliwaza kidogo, akachukua koti la pili. "Na haiko peke yake."

Ilipita chini ya seng'enge imenenepa, inanuka moshi wa kale na mwerezi. Nyuma yake ilikuja baridi ndogo, ya kimo cha goti, haijui bado kutembea sawasawa. Ilimkwepa Chepkosgei, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye viatu vya Lorna, ikaketi juu yake. Lorna alisimama hapo vidole vimekufa ganzi, akicheka na kufuta pua, mpaka Chepkosgei akamwambia aingie garini.

Jumamosi pale Kanduyi jua liliwaka hadi hema likanuka. Vivian alipendeza, bwana harusi alikosea jina la kati la bibi harusi, watu wakashangilia. Kamera ilikuwa macho. Muziki ulipokolea Kukhu alijaribu kuinuka, lakini magoti yaliwaka moto kwa maumivu, akarudi kitini. Alijaribu tena. Ndipo ile baridi ndogo, ambayo ilikuwa imelala chini ya meza ya keki, ikamkimbilia ikajizungusha magotini.

"Eh," Kukhu alisema. "Huyu ni wa nani?"

Hakungoja jibu. Aliegemeza mkongojo kwenye keki yenyewe safari hii, akaingia katikati, akacheza. Mabega yalipanda na kushuka, uwanja mzima ukamfuata, wapishi wakaacha masufuria, na Lorna akamrekodi kuanzia kidole cha mguu hadi kilemba, bila kukatika, akilia waziwazi. Kukhu aliketi akapigiwa makofi. Akapumua. Akainuka tena.

"Mama, si ulisema umebakisha moja?" Eliakim aliuliza.

"Nilihesabu vibaya."

Jioni Eliakim alikuja akaiinamia kamera, akaigusa mgongoni kwa heshima. "Haikurara," alisema, akaondoka akawaambia wote.

Video ya mafiga na mwerezi ilitumwa Nairobi. Wajukuu waliitazama mara nyingi, wakauliza wataenda lini.

Siku hizi kila Jumatatu, siku isiyo na harusi, Lorna humpandisha Chepkosgei mlimani. Miche ya kampuni imeanza kuchipua pale baridi zinapopita, na kampuni imefurahi, ikaongeza bango la pili. Noah akiona Probox inakuja huvaa koti. Hufungua lango lote, maana kujipenyeza chini ya seng'enge si heshima, na baridi zinapita, kubwa mbele, ndogo nyuma. Kisha hulifunga, na Chepkosgei hufungua kiti chake cha plastiki upande wa nje, akafuma hadi zitakaporudi.